Sahani ya Pili: Je, Kumlisha Mtu Ndiko Kumpenda?

Hapa Uingereza baridi imeanza kubisha hodi, na kama ilivyo desturi, msimu wa harusi umeupisha msimu wa misiba. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hivi karibuni tulimzika mwenzetu mmoja. Sitamtaja jina wala mji, maana aliyekwenda amekwenda na heshima yake tumuachie. Alikuwa na umri wa miaka 54. Kiharusi kilimchukua asubuhi akitoka zamu ya usiku, bado kavaa sare ya kazi. Baada ya mazishi tukakusanyika ukumbini, na akina mama, Mungu awalipe, walikuwa wamekwisha kushusha masufuria. Kulikuwa na biriani, pilau, sambusa, soda za chupa kubwa, kisha ikaja chai ya maziwa na halwa. Mzee aliyekaa kando yangu akasema yale tunayosema siku zote, kwamba siku yake marehemu ilikuwa imefika. Sote tukaitikia. Dada mmoja aliyekuwa akigawa chakula akaiona sahani yangu imekwisha, akanijazia tena bila ya kuniuliza, akasema: "Kula shemeji, usitutie aibu."

Nikala. Na huku natafuna likanijia swali ambalo mpaka leo halijaniacha. Marehemu sote tulimjua kuwa ana presha na sukari. Alikaa nasi miaka mingi, hakukosa harusi wala maulidi wala ubatizo wa mtoto wa mtu. Katika miaka yote hiyo, ni sahani ngapi za pili tulimjazia bila ya kumuuliza? Na kama tuliyajua maradhi yake na bado tukamjazia, je, ule ulikuwa ni upendo, au ni kitu kingine tulichokivika kanzu ya upendo?

Swali hili si la daktari. Daktari atakwambia chumvi kiasi gani na sukari kiasi gani. Swali hili ni letu sisi, kwa sababu linahusu tunavyoishi pamoja, nani anawajibika kwa nani, na wapi ukarimu unakwisha na madhara yanaanza. Lakini hatuwezi kulijibu bila ya kwanza kuyajua maradhi yenyewe, maana wengi wetu tunayazungumza kama majirani watatu wasiojuana, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na unene. Mafuta ya mwilini si mzigo uliolala tu kama gunia ghalani. Yale yanayokaa tumboni kwa ndani, yakalizunguka ini na kongosho, yanafanya kazi mchana na usiku, yanatoa kemikali ndani ya damu. Moja ya madhara yake ni kuufanya mwili usiisikilize insulini. Insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango wa chembe za mwili ili sukari iingie itumike. Kufuli likipata kutu, ufunguo mmoja hautoshi, basi kongosho hutengeneza funguo nyingi zaidi na zaidi. Kwa miaka kadhaa hushinda. Kisha huchoka, sukari ikabaki kwenye damu, na hapo ndipo mtu huambiwa ana kisukari cha aina ya pili. Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza jinsi sukari, presha na mafuta mabaya ya damu yanavyokusanyika kwa mtu yule yule mmoja, na akatoa hoja kuwa mzizi wao wa pamoja ni huko kutosikilizwa kwa insulini.

Sasa presha nayo inaingiaje? Insulini ikizidi, figo huambiwa zishike chumvi badala ya kuitoa, na chumvi ikibaki hubaki na maji. Mafuta yanayoziba nafasi kuzunguka figo huzibana. Neva zinazoukimbiza moyo huchochewa. Mishipa hukaza. Moyo sasa unasukuma damu nyingi zaidi ndani ya bomba lililobana. Na sukari iliyobaki kwenye damu inakuja kuzikwaruza kuta za mishipa hiyo hiyo kutoka ndani. Kwa hiyo wawili hawa, presha na sukari, hukutana mahali pale pale: machoni, kwenye figo, moyoni, kwenye ubongo, na kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana mwenye vyote viwili hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye kimoja. Na ndiyo maana mwenzetu hakuuawa na kiharusi cha asubuhi moja tu. Kiharusi kile kilikuwa kikijengwa kwa miaka.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Si kila mnene ana kisukari, na si kila mwenye kisukari ni mnene. Kipo kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata hata watoto wembamba na hakina uhusiano wowote na walichokula. Pia urithi una nguvu, na watu wa asili ya Afrika na Asia hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Kwa ajili hiyo mwongozo wa afya wa hapa Uingereza unatuhesabia vingine. Kipimo kinachogawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe humhesabu Mzungu kuwa mnene kupita kiasi akifika 30, lakini sisi tukifika 27.5. Mtu wetu mwenye urefu wa mita 1.70, akifika kilo 80 tayari amevuka mstari. Njia nyepesi zaidi ni utepe wa fundi cherehani: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Huyo huyo wa mita 1.70, kiuno chake kibaki chini ya sentimita 85.

Turudi kwenye swali letu. Kwanza tuyaangalie maneno tunayoyatumia, maana maneno ndiyo hutulea. Ukirudi nyumbani likizo baada ya miaka mitatu, nani atakwambia "umenenepa, una nini?" Utaambiwa umenawiri, umependeza, Ulaya imekukubali. Ukirudi mwembamba watu watanong'ona. Na minong'ono hiyo ina historia yake ya huzuni. Sisi tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tulishuhudia UKIMWI ukiwakondesha jamaa zetu mpaka wakabaki mifupa, na kabla ya dawa kupatikana wembamba ulikuwa kama hukumu iliyoandikwa usoni. Nyuma ya hapo kuna njaa ambayo babu zetu waliijua kwa majina ya miaka. Kwa watu waliopita njia hiyo, shavu lililojaa ni habari njema. Mama anapokuuliza kwenye simu "umekula?" haulizi habari za tumbo. Anauliza kama uko salama.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu dada yangu aliyenijazia sahani. Alikuwa akizungumza lugha ya upendo aliyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Tatizo ni kwamba lugha ile ilitungwa mahali ambapo hatari ilikuwa ni upungufu. Sasa tunaizungumza mahali ambapo hatari ni ziada. Waswahili walikwisha kuliona hili zamani, wakasema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Sisi tumeishika nusu ya pili ya methali, tukaisahau ya kwanza.

Je, basi kosa ni la nani? Nimezungumza na wengi, na nimesikia majibu matatu.

Jibu la kwanza ni lile la yule mzee: siku yake ilifika. Mimi ni mtu wa dini na sitabishana na ajali. Lakini nimeona wavuvi wa kwetu, watu wenye imani kuliko mimi, wanaojua kabisa kuwa bahari ina mwenyewe. Hakuna hata mmoja anayekitia chombo majini kabla ya kukikalafati. Anaziba nyufa kwanza, kisha ndipo anatawakali. Anayeacha nyufa makusudi, chombo kikazama, akasema Mungu ameandika, huyo hajamtukuza Mungu, amemsingizia. Dini zetu zote zinakataza israfu, na zote zinauita mwili amana. Na amana ina mwenyewe, atakayeuliza ilitunzwa vipi.

Jibu la pili ni la vijana, na wamelipata hapa: mwili ni wangu, chakula nimenunua kwa jasho langu, nikifa nimekufa. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Mtu mzima ana haki ya kuchagua, na hatutaki kuishi chini ya polisi wa sahani. Lakini tuulize: nani anaumwa, mtu mmoja? Figo zikishindwa, mgonjwa huunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Kazi gani ya zamu itavumilia hivyo? Na kazi ikienda, ada ya mtoto wa dada kule Morogoro inatoka wapi, na dawa za mama kule Mombasa? Kila mmoja wetu hapa amebeba kaya mbili au tatu mgongoni. Mtu aliyebebwa na watu ni huru, lakini mtu aliyebeba watu uhuru wake una mipaka. Mwili wake ni kama daraja: kweli ni wake, ila wengi wanapita juu yake.

Jibu la tatu ni kinyume cha la pili: si kosa letu, ni mazingira. Na hili lina ushahidi mzito. Mwaka 1990 jarida la madaktari la hapa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya Wajaluo waliohama vijijini, karibu na Ziwa Viktoria, wakaenda kuishi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki kijijini. Wale waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu zaidi ndani ya mwezi mmoja tu wa kufika. Mwezi mmoja! Mikojo yao ilionyesha chumvi imeongezeka, na potasiamu, ile inayopatikana kwenye mboga na matunda, imepungua. Uzito nao ulikuwa umepanda. Hawa hawakugeuka kuwa watu wabaya njiani ndani ya basi. Walibadilisha chakula na maisha, basi.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine juu ya Waghana, ukiwalinganisha waliobaki vijijini, wanaoishi mijini huko huko Ghana, na waliohamia Ulaya. Kijijini, wanawake wanene kupita kiasi walikuwa kama 8 katika kila 100. Miongoni mwa Waghana wa London walikuwa zaidi ya nusu. Ni watu wa damu moja, wenye mababu wale wale na nyimbo zile zile. Sisi na Waghana tuna tofauti gani hapa? Tunafanya zamu zile zile za usiku, tunakula kuku wa kukaanga yule yule saa saba za usiku kwa kuwa ndilo duka pekee lililo wazi, tunapanda basi vituo viwili kwa kuwa mvua inanyesha, na mkate wenyewe tunaonunua una chumvi ambayo hatukuitia sisi.

Kwa hiyo anayemcheka mnene, akamwita bonge au tipwatipwa, akasema hana nidhamu, huyo ni mjinga wa mambo na tena ana dhambi. Hajui kwamba yeye na yule anayemcheka wamesimama kwenye mteremko mmoja, ila mmoja ametangulia kuteleza.

Hata hivyo, kusema "si kosa langu" si sawa na kusema "si kazi yangu". Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wengi wetu tunachanganya. Nyumba yako ikishika moto kwa sababu ya nyaya mbovu alizoweka fundi, kosa si lako. Lakini anayelala humo na watoto ni wewe, na ndoo iko mkononi mwako. Utakaa kibarazani ukimlaumu fundi? Kosa huulizwa ili ajulikane wa kulipa. Wajibu huulizwa ili moto uzimwe. Mazingira yametutia kwenye hali hii, na ni haki kuyadai yabadilike. Hapa Uingereza kodi ya vinywaji vyenye sukari ilianza mwaka 2018, na makampuni mengi yakapunguza sukari kwenye soda zao. Inaonyesha kwamba serikali nazo zina ndoo zao. Lakini hakuna waziri atakayekuja kusimama jikoni kwetu siku ya maulidi.

Na moto huu unazimika, tusidanganyane. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini haijafika kuwa kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiosaidiwa hivyo. Waliopewa vidonge vya metformini walipungua kwa asilimia 31. Yaani miguu ilishinda vidonge.

Kisha mwaka 2017 madaktari wa Glasgow na Newcastle walionyesha jambo ambalo zamani lingeitwa ndoto. Watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa miaka isiyozidi sita walipewa chakula kidogo sana kilichopimwa, chini ya uangalizi, kwa miezi mitatu mpaka mitano. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya mstari wa kisukari bila ya dawa. Si wote, na wengine walirudi walikotoka baadaye. Wala mtu asijaribu nyumbani bila ya daktari wake, hasa anayetumia dawa. Lakini ile kauli kwamba ukishaingia huko hutoki, si kweli kwa kila mtu. Siku hizi pia kuna sindano kama semaglutide na tirzepatide zinazopunguza njaa na uzito, na nasikia watu wakisema anayezitumia anafanya udanganyifu. Udanganyifu dhidi ya nani? Aliyevaa miwani tunamwambia anadanganya macho? Daktari akimwandikia mtu kwa haja yake, hiyo ni dawa kama dawa nyingine.

Sasa naomba nikiri, maana nimewasema wengine vya kutosha. Mimi mwenyewe niliambiwa nina kisukari miaka minne kabla ya msiba ule. Sikumwambia mtu ila mke wangu. Vidonge niliviweka kwenye kopo la zamani la kahawa. Nilikuwa nikienda kwenye karamu nakula kama wengine, ili nisiulizwe, na siku nyingine nikala zaidi ya wengine, ili nionekane mzima. Kwa hiyo pale ukumbini, dada aliponijazia sahani ya pili, hakujua. Nami sikumwambia. Kwa miaka minne nimewalaumu wenyeji wangu kimoyomoyo kwa kunilisha sumu, na kumbe niliwanyima kitu kimoja tu walichokihitaji ili wanilishe vizuri, nacho ni ukweli. Mficha maradhi kilio humfichua. Marehemu angalau alikuwa hafichi. Yeye alisema, na sisi hatukusikia. Mimi sikusema, kwa hiyo hata wa kusikia hakuwapo. Sijui ni nani kati yetu aliyewakosea wenzake zaidi.

Kwa nini tunaficha? Kwa sababu tumeyafanya maradhi haya kuwa hukumu ya tabia. Mwenye malaria tunampa pole. Mwenye kisukari tunampa pole kisha tunaangalia tumbo lake. Na mwenye presha naye hana dalili ya kuonyesha, hana homa wala kidonda. Ndiyo maana wengi hunywa dawa mwezi mmoja, wakijiona wazima wanaacha, au wanabadilisha kwa unga wa mizizi ulioletwa na jamaa kutoka nyumbani. Presha haiumi. Inafanya kazi kimya, kama mchwa kwenye boriti, mpaka siku paa linapoanguka. Kipimo cha 140 kwa 90 na zaidi kwa daktari, kikirudia, si cha kukipuuza hata kama unajihisi simba.

Nimefika kwenye jibu langu. Ukarimu ni nini? Si wingi wa chakula. Wingi ulikuwa ishara tu, na ishara ikipoteza maana yake tunabaki na sufuria tupu hata likiwa limejaa. Ukarimu ni kumuangalia mgeni na kumpa anachokihitaji yeye, si kinachonipa mimi sifa. Tuwe wakweli: sahani ya pili tunayojaza bila ya kuuliza, mara nyingi tunamjazia nani? Tunajijazia sisi jina, isije ikasemwa kwa fulani tulilala njaa. Hapo mgeni amekuwa chombo cha heshima yetu. Nadhani ndicho kile kitu kingine nilichokuwa nakitafuta pale ukumbini. Upendo huuliza kwanza, na ukiambiwa "nimeshiba" unaamini.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku zote tumeielewa kwamba mgeni akija, mwenyeji naye hufaidi kitoweo. Nataka tuongeze maana: na mgeni naye apone.

Kwa vitendo nasema machache, ambayo hayahitaji kikao cha kamati. Kwenye shughuli zetu, sahani ya pili isijazwe mpaka mwenyewe aombe. Anayekataa asiulizwe sababu, wala asiambiwe amekichukia chakula. Maji yatangulie mezani kabla ya soda. Kopo moja la kola ya kawaida la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, na mwongozo wa hapa unamtaka mtu mzima asizidi gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Chai ije bila ya sukari na kikopo cha sukari kikae kando. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekwisha kula kama gramu 60 kabla hajagusa chochote kingine. Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote. Pilau halihitaji kufa ili sisi tuishi. Bizari, tangawizi, kitunguu thomu na ndimu hazina kosa lolote.

Na chama chetu, kama vyama vingi vya ughaibuni, kina mfuko wa mazishi. Tunachanga maelfu ya pauni kumrudisha maiti nyumbani, na ni jambo la heshima, lisiguswe. Lakini mashine moja ya kupimia presha ya mkononi bei yake ni ndogo kuliko kreti za soda za karamu moja. Iwekwe mezani kwenye kila mkutano, mkubwa apime mbele ya wadogo. Hapa England mwenye miaka 40 na zaidi anaweza kupimwa presha bure kwenye maduka mengi ya dawa, na wenye miaka 40 mpaka 74 wasio na maradhi haya huitwa kuchunguzwa afya kila miaka mitano. Barua hiyo ikija, isitupwe pamoja na matangazo ya piza. Wanaofunga Ramadhani na wanatumia dawa, wamuone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kumi wakiwa wamezidiwa.

Na unapompigia mama simu Jumapili, muulize kama kawaida, "umekula?" Kisha ongeza neno moja: "umepima?" Na yeye naye akuulize wewe, na wewe usimdanganye.

Wiki iliyopita tulialikwa aqiqa. Dada yule yule alikuwa akigawa chakula. Alipoinua kijiko juu ya sahani yangu nikaifunika kwa mkono, nikamwambia: "Ahsante shemeji, mimi nina sukari." Ukumbi haukuanguka. Akanitazama kidogo, akarudisha kijiko sufuriani, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya kachumbari na kipande cha samaki wa kuchoma aliyekuwa amejiwekea mwenyewe. Akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi pia, shemeji. Mwaka wa sita huu."